Benchi Hununuliwa kwa Mgongo

Tangu nistaafu, vijana wa karakana hawaachi kunifuata nyumbani na maswali ambayo niliwajibu nikiwa bado nimeshika sindano. Mmoja alikuja Jumapili iliyopita, mimi hata nguo za kanisani sijavua, akaniuliza mteja akitaka benchi la kuinulia vyuma nyumbani kwake aonyeshwe lipi kwanza. Nikamwambia asionyeshwe lolote, alazwe. Akacheka. Sasa naandika, maana aliyecheka hajaelewa, na mimi sina nguvu ya kurudia jambo kila Jumapili.

Cheo changu sitakitaja kwa sababu hakikuwa na urefu wa kutajwa. Mshahara mnaujua wenyewe, bado ni ule ule.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru, nikitoka Mukurwe-ini nikijua kushona magauni tu. Karakana ilikuwa nyuma ya duka, hapa hapa mjini Nyeri. Mbele kuliuzwa vitanda, viti na madawati ya shule, nyuma vilitengenezwa. Mwenye duka alikuwa Bwana Kanti, ambaye baba yake aliuza blanketi katika mji huu wakati ambapo barabara yake kuu ilikuwa matope matupu. Siku ya kwanza Bwana Kanti alinipa sindano ndefu iliyopinda na godoro la hospitali, akaenda zake kunywa chai. Sindano niliivunja kabla hajamaliza kikombe. Nililia kidogo nyuma ya mabati, kisha nikasikia mtu akisema, "Binti, hilo si gauni. Gauni hubeba mtu mmoja anayejipenda. Godoro hubeba yeyote atakayelazwa."

Huyo alikuwa Mzee Salim, fundi mkuu wa kuchomelea vyuma. Alizaliwa mtaa wa Majengo, mama yake Mgikuyu, na asili ya baba yake aliisimulia tofauti kila Ramadhani. Alinifundisha kushona ngozi ya plastiki bila kuichana, kujaza nyuzi za makonge kabla ya kuweka sponji ili kiti kisibonyee upande mmoja, na kutomwamini mteja anayesema anajua anachotaka. "Anajua rangi," alikuwa akiniambia. "Mengine mwili wake ndio unaoyajua, na mwili hajauleta kazini." Kila kitu alichokitengeneza alitaka kitumiwe mbele yake kabla hakijatoka mlangoni. Dawati lilikaliwa. Kitanda kililaliwa, hata kama mteja ni padri.

Benchi la kwanza la kuinulia vyuma tuliletewa likiwa picha iliyochanwa kwenye gazeti. Aliyeileta alikuwa kijana wa upande wa Kiganjo, kifua kimejaa, shati halifungi. Mzee Salim aliigeuza ile picha huku na huku, akamlaza kijana kwenye mbao mbili, akampima kwa chaki. Benchi likatoka, na sahani za vyuma zikawa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Kijana alirudi baada ya muda na wenzake, wote wakalala bila kusumbua, wakapimwa, wakaenda. Kwa ujinga wangu nikadhani hiyo ndiyo itakuwa kazi yetu, kutengenezea watu wanaojua kulala.

Ndipo kahawa ikapanda bei.

Nyinyi hamkuona miaka ile. Mtu aliyekuwa akikalia kigoda alijenga nyumba ya mawe, akanunua sofa, akanunua televisheni yenye milango ya kufunga kwa ufunguo, kisha akatazama sebule yake akaona bado ina nafasi. Jirani ana benchi la mazoezi. Basi naye anataka, kubwa kuliko la jirani. Waliingia dukani wamevaa kofia na koti, wakazunguka benchi kama wanaokagua ng'ombe, wakalipiga teke miguuni, wakauliza maswali. Naapa nayaandika kama nilivyoyasikia. "Hii inakalisha watu wangapi?" "Iko na rangi ya maruni? Sofa yangu ni maruni." Mwingine aliuliza kama vile vyuma vya pembeni vinaweza kutolewa wageni wakija. Nikamwambia vikitolewa kitabaki kiti cha kanisa, akasema hapo hapo ndipo alipotaka.

Na likifika nyumbani lilivikwa vitambaa. Mnajua nyumba zetu: hakuna kitu chenye mgongo kinachoachwa uchi. Sofa ina kitambaa cha kufuma, redio ina chake, thermosi ina chake, na benchi la kuinulia vyuma nalo likafumiwa cha maua, kirefu, kilichoning'inia pande zote mbili. Niliwahi kwenda Kangari kurekebisha mshono, nikakuta wazee wa kamati wamepangwa juu ya benchi wakinywa chai, na sahani za saruji zimewekwa mlangoni kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mwenye nyumba akanishukuru akisema benchi letu ni imara sana. Nilikunywa chai yake, nikarekebisha mshono.

Lakini ugonjwa wenyewe haukuwa vitambaa. Ugonjwa ulikuwa kwamba hawakutaka kulala. Mwanamume wa heshima huku kwetu hulala chali mahali pawili tu, kitandani mwake na mochari. Kumwambia alale dukani, mchana, watu wakipita, ni kama umemwomba avue suruali. Kwa hiyo walikaa. Walikaa, wakarukaruka kidogo kwa makalio, wakasema, "Iko sawa." Benchi la kuinulia vyuma mtu amelijaribu kwa makalio! Mzee Salim alikuwa akitema mate pembeni na kusema benchi hununuliwa kwa mgongo, na wao walidhani anatania.

Mmoja wa Othaya nilimshawishi nusu saa nzima mpaka akakubali. Akavua kofia, akalala, miguu imetanuka, mikono juu. Hapo hapo akaingia mama mkwe wake kutafuta kitanda. Mnajua mtu na mama mkwe wake. Yule bwana aliruka na kipaji cha uso kikagonga fimbo ya chuma, akatoka nje bila benchi, bila kofia na bila salamu. Kofia ilikaa kwetu mpaka panya wakaila. Mimi nilicheka siku mbili, lakini Bwana Kanti hakucheka. Aliniita ofisini akasema, "Mama Wanja, usilaze watu wangu tena. Mteja akipenda nyekundu, mpatie nyekundu bwana." Nikamjibu kwamba nyekundu haishiki mtu shingo isipomfaa, benchi humshika. Akasema mimi nimeajiriwa kushona.

Basi katika msimu huo akaja Ndirangu wa Wamagana. Kahawa yake ilikuwa imemnunulia koti la ngozi ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alisimama katikati ya duka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Nataka benchi ya mama. Mkono yake imelegea. Lakini nataka kitu ya maana, si hizi za watoto."

Nikamuuliza mkono umelegea vipi. Hilo alilieleza vizuri, namsifu. Mke wake, Muthoni, alikuwa akifanya kazi katika kituo cha maziwa cha ushirika wao. Yeye ndiye aliyepokea maziwa ya wakulima asubuhi na kupandisha ile mitungi mikubwa ya chuma juu ya lori. Aliteleza kwenye matope akavunjika mkono wa kulia karibu na bega. Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa umekonda, hauinuki. Mtaalamu wa viungo hospitalini akamwambia awe analala chali kila siku na kusukuma fimbo ya chuma kwa mikono miwili, kidogo kidogo, mpaka nguvu irudi. Kamati ya ushirika ilikuwa imemwekea nafasi yake mpaka mvua ndefu, ile ya masika, maana mvua ikianza nyasi huota na maziwa huwa mengi. Asipoweza kuinua mtungi, kazi anapewa mwingine.

"Na mama mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko nyumbani. Kwani mimi siwezi kuchagua kiti?"

"Si kiti, Mzee. Ana urefu gani?"

Ndirangu aliweka kiganja kifuani kwake. Akafikiri, akakipandisha mpaka kidevuni. Mtu ameoa, amezaa, amezungukwa na huyo mama miaka yote, na hajui anamfika wapi. Nikamwambia amlete, apimwe. Akanitazama kama nimemwomba amlete sokoni kuuzwa. "Ati alale hapa? Mke wangu?" Nikamwita Mzee Salim, naye akamwambia vile vile kwa maneno ya upole. Ndirangu akaenda moja kwa moja kwa benchi jekundu, pana, refu la miguu, tulilomtengenezea mtu mmoja mrefu ambaye hakurudi kulichukua. Akalikalia. Akarukaruka. "Hii," akasema. Bwana Kanti alikuwa amekwisha kutoka ofisini akitabasamu, na benchi likatoka mlangoni mbele ya macho yetu. Nilikasirika mpaka nikachana ngozi niliyokuwa nikiishona.

Lilirudi siku ya soko. Lilikuwa nyuma ya pikapu, limefungwa kamba, na kitambaa cha maua bado kimelivaa. Alishuka Ndirangu, akashuka mwenye pikapu, mwanamume mnene aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika wao wa maziwa, na mwisho akashuka mwanamke mfupi, mkono wa kulia ameubana ubavuni. Huyo alikuwa Muthoni. Alimfika mumewe kifuani, si kidevuni. Kooni alikuwa na alama ya kijani na zambarau, pana kama kidole gumba.

Ndirangu alianza kumweleza Bwana Kanti kwamba wanarudisha benchi kwa sababu mama amepona na halihitajiki tena. Aliyasema hayo akimtazama mwenyekiti. Bwana Kanti akasema kitu kikishatoka dukani kimetoka. Wakaanza kubishana. Mimi nikamvuta Muthoni pembeni, penye mapazia ya kuuza.

"Umepona?" nikamuuliza.

"Nipone wapi, mama? Nililala juu ya hiyo kitu, miguu haifiki chini. Hiyo kitambaa dada ya mzee alifuma ikateleza na mimi. Chuma ikanikujia hapa." Akagusa koo. "Jirani ndiye alinitoa. Ningekufa kwa kitambaa."

"Na mbona mzee anasema umepona?"

"Mwenyekiti ndiye ako na gari. Mzee aliona aibu kumwambia ukweli, akamwambia nimepona. Na mkutano wa kamati wa kuamua kazi yangu ni wiki hii."

Mzee Salim alikuwa amesogea, anasikiliza. Akamwambia benchi linaweza kukatwa limfae, hata leo hii, lakini lazima alale na ashike fimbo. "Miguu ningeipima umesimama, mama. Lakini hizi nguzo zinazoshika chuma lazima nijue zikae wapi, na hilo mkono mbovu ndio utakaonionyesha. Mkono mzima hauwezi kunionyesha."

Nikasema tuende nyuma, karakana, kuna faragha kidogo. Mwenyekiti, ambaye hakuwa na kazi nyingine siku hiyo zaidi ya kuwa mwenyekiti, akasema kwa furaha, "Twendeni wote tuone hii kitu inafanya namna gani." Nikamwambia asubiri. Akasema amechoka kusubiri, pikapu ni yake. Watu kama hao Mungu huwapa tumbo la kuwatangulia ili sisi wengine tupate muda wa kujificha, lakini mahali pa kujificha hapakuwapo.

Muthoni alinishika kiganja. "Nikilala nishindwe, huyu ataona," akaninong'onezea. "Na nisipolala, narudi nyumbani na hii kitu ya kuniua, na mvua inakuja." Sijawahi kujiona bure namna ile, na sindano zangu zote mfukoni.

Akaniomba leso. Nikampa yangu. Akaifunga juu ya sketi mpaka vifundoni, akatembea hadi katikati ya duka, akakivuta kile kitambaa cha maua kikaanguka sakafuni, akalala chali kwenye benchi jekundu. Wanawake waliokuwa wakipita na mikungu ya ndizi wakasimama mlangoni.

"Muthoni! Amka!" Ndirangu alisema. "Watu wanaona!"

"Mama mzima kulala hivi mbele ya wanaume," mwenyekiti akasema, lakini hakugeuza macho.

Mzee Salim akasimama kichwani pake, akampa fimbo tupu, bila sahani hata moja, na vidole vyake mwenyewe akaviweka chini ya fimbo isimwangukie. Muthoni akasukuma. Mkono wa kushoto ukanyooka. Wa kulia ulifika nusu, ukaanza kutetemeka, ukakataa. Fimbo ikasimama mshazari juu ya uso wake, na jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Kumbe mkono bado," mwenyekiti akasema.

"Ni hii benchi," Ndirangu akasema haraka. "Benchi ni mbaya."

"Si benchi," Muthoni akasema pale pale alipolala. "Ni mkono. Mzee, pima."

Mzee Salim akapima. Alichora chaki kwenye miguu ya benchi na kwenye nguzo, polepole, bila kumtazama mtu, na yeye hakuamka mpaka chaki ilipomalizika. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa na masharubu katika duka lile isipokuwa mmoja. Bwana Kanti alifungua mdomo kusema jambo la gharama, nikamtazama, akaufunga.

Tukalibeba nyuma. Miguu ikakatwa kwa msumeno, nguzo zikang'olewa na kuchomelewa upya, karibu zaidi na chini zaidi. Ubao wa kulalia ukapunguzwa upana ili mabega yapate kushuka. Mimi nikaibandua ile ngozi nyekundu inayong'aa nikashonea turubai, maana turubai halitelezi, na sponji nikaipunguza nikaongeza makonge. Hayo ndiyo mambo yote ya kuchagua benchi, vijana, yamo katika kazi ile ya mchana mmoja: nyayo zote mbili zifike chini, mgongo usitembee, mabega yawe na njia, na mkono ufikie chuma bila kunyanyua mgongo. Rangi mtamuuliza mteja mwishoni, mkikumbuka.

Akalala tena. Nyayo zikagusa sakafu. Fimbo ilipanda mshazari vile vile, kwani benchi haliponyi mtu kwa siku moja, ila safari hii hakuteleza. Mzee Salim akamwita Ndirangu kwa kidole, akamsimamisha kichwani pa mkewe, akamwonyesha pa kuweka mikono. "Kila siku unasimama hapa," akamwambia. "Ukichoka kusimama, vua koti."

Kamati ilikutana wiki ile ile. Mwenyekiti akaeleza alichokiona kwa macho yake, na nasikia alikieleza kwa mapana, hata kile cha leso. Kazi akapewa mpwa wake, mwanamume mwenye mabega kama kabati. Muthoni akaachiwa kuosha mitungi. Habari hizo nilizipata kwa Ndirangu alipokuja kuchukua sahani ndogo za kuongeza. Nilimtukana kwa Kigikuyu kwa muda wa kutosha. Alisimama akanisikiliza, bila koti, kisha akasema, "Sasa anainua mbili kila upande. Mimi nasimama." Kwa haki namwandikia hilo, ingawa kulisema kwake hakukupunguza lolote.

Mvua ndefu ilipokuwa imeshika, nilikwenda Wamagana kubadilisha turubai, lililokuwa limechanika mshono. Nilifika asubuhi maziwa yakipokelewa. Wakulima walikuwa kwenye foleni na vibuyu na ndoo zao, lori linanguruma, na yule mpwa amesimama kando ya mitungi iliyojaa akingoja dereva ashuke wasaidiane. Mabega yote yale, na hakuwahi kuinua mtungi peke yake tangu aajiriwe. Alishika sikio moja la mtungi, dereva akashika lingine, wakauyumbisha, maziwa yakamwagika. Wakulima wakaguna. Mwenyekiti alikuwepo na mwavuli, akasema mitungi siku hizi ni mizito.

Muthoni alikuwa akiosha mitungi pembeni, mikono imejaa povu. Alijifuta kwa sketi, akaja, akainama, akaushika mtungi uliofuata kwa masikio yote mawili. Aliuinua mpaka magotini, mpaka kifuani, akavuta pumzi, akausukuma juu. Mikono yake miwili ilinyooka sawasawa. Mtungi ukagonga ubao wa lori na kusimama. Wale waliokuwa wakiguna wakaacha.

Mwenyekiti alikohoa. "Mama, kwani mkono imepona?"

Muthoni alikuwa amekwisha kuushika mtungi mwingine. "Uliuona ukishindwa, ukawaambia wote," akasema. "Sasa sogea. Huu umejaa."

Aliyesogea kwanza alikuwa yule mpwa.